Kuzunguka ghuba za Tanga kwa mashua: mwongozo wa siku nne kwa marafiki wasio na haraka

Kila mwaka nikianza kukusanya watu wa kwenda baharini, hakosi mmoja wa kuuliza, "Sasa tutafika saa ngapi?" Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi namwambia akauulize mwezi. Sina nia ya kumkejeli. Huku kwetu saa ya kuondoka, mahali pa kulala na hata saa ya kula hupangwa na maji, na kazi ya mwenye kuandaa safari ni kujua maji yatakuwa wapi, kisha kuwaambia wenzake walete kanga na viazi.

Maelezo haya yanawahusu watu sita hadi wanane wanaotaka kutoka Tanga mjini kwenda kusini polepole: ghuba ya Tanga yenyewe, nyuma ya kisiwa cha Yambe, Mtangata penye magofu ya Tongoni, Kigombe, halafu kurudi. Pemba siyo sehemu ya mpango. Njia nzima nchi kavu unaiona, na karibu kila kituo kina rasi, kisiwa au mwamba unaovunja mawimbi kabla hayajakufikia. Mji wetu una jina la "waja leo waondoka leo". Safari hii ni ya kulikanusha hilo jina.

Anza na msimu, kisha mwezi

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Kati ya hizo mbili kuna kipindi cha maleleji, upepo haujui unakotoka wala unakokwenda. Masika, Aprili na Mei, kaa nyumbani. Juni na Julai kusi ina nguvu. Wavuvi wanatoka, lakini wao wana sababu na wewe una likizo tu. Mimi huchagua mwisho wa Septemba au Oktoba, kusi ikiwa imechoka na mvua za vuli hazijashika kasi. Januari na Februari nako kuzuri, ila jua lake si la mchezo.

Kanuni yangu ni kuanza na upande wa taabu. Ikiwa ni kusi, nenda kusini kwanza ungali na nguvu, maji ya kunywa na hamu, ili siku ya kurudi upepo uwe mgongoni. Ikiwa ni kaskazi, pindua mpango wote: nenda kaskazini, Ulenge na ghuba ya Kwale hadi Manza, urudi mjini umekaa kitako. Waliofanya kinyume utawajua bandarini: wanashuka hawasemeshani, kwa kuwa siku ya mwisho, watu wamechoka na vyakula vimeisha, ndiyo waliyokula bisho kutwa nzima, kulia kushoto kama nyoka, mji unaonekana lakini haufikiki.

Bisho lenyewe unaweza kulikwepa kwa umande. Ni ule upepo mwanana wa kutoka bara, unaovuma alfajiri hadi kwenye saa tatu asubuhi. Ukielekea kusini unakuja ubavuni, na mashua hupenda upepo wa ubavuni kuliko upepo mwingine wowote. Kwa hiyo tunang'oa nanga mapema, tunatembea saa mbili au tatu, na kabla upepo wa bahari haujashika mchana tumeshafika. Zaidi ya saa tatu za tanga kwa siku, hiyo tena siyo likizo.

Sasa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikapita mita tatu. Nusu mwezi ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini. Kwa Tanga, siku za bamvua kubwa maji hujaa kwenye saa kumi, za alfajiri na za jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ukishika hiyo moja, nyingine unazipata kwa vidole.

Ninavyopanga mimi: tunaondoka siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu. Hapo maji hujaa kwenye saa moja asubuhi, kwa hiyo mnapanda chomboni bila kutembea nusu kilomita kwenye matope, mnatoka na maji yanayopwa pamoja na umande, na usiku mwezi upo, ingawa unachelewa kuchomoza. Kadiri siku zinavyokwenda maji yanazidi kuwa mafu na mikondo inapungua. Usikariri hesabu hizi kama aya. Nunua jedwali la maji au litafute kwenye simu, kisha muulize nahodha. Wakitofautiana, mfuate nahodha.

Nahodha ni mmoja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wote tunaijua, na bado kila safari kuna rafiki aliyewahi kupanda boti ya Zanzibar mara tatu anayetaka kuelekeza. Siku ya kwanza, kabla ya kupakia, nawaambia wenzangu mbele ya nahodha mwenyewe: akisema tunaondoka, tunaondoka, akisema hatutoki, hatutoki, na hakuna wa kumwekea noti mfukoni abadilishe mawazo. Yeye husikia, na nadhani ndiyo maana amekubali kutubeba miaka yote hii.

Kumpata, nenda Deep Sea au Sahare, fukwe za wavuvi hapa mjini, asubuhi vyombo vinaporudi. Usiende na swali la bei. Salimia kwanza, "Shikamoo mzee," kaa kwenye gogo, tazama nani anaitwa "nahodha" na wenzake na nani anajiita mwenyewe. Ukishampata, muulize mambo mawili. La kwanza: "Kusi ikitukamata baina ya Yambe na Mtangata, tutakimbilia wapi?" Mtu wa bahari atakutajia mahali palepale, tena kwa kidole. La pili: "Siku gani hutoki?" Akijibu kwamba yeye hutoka siku zote, mshukuru uende zako. Mwaka wetu wa kwanza tulimchukua mmoja aliyekubali kila tulichosema. Tukitaka kulala hapa, sawa. Tukitaka kupita katikati ya mwamba, sawa. Usukani ulipopiga jiwe alisema sawa pia.

Chombo kinachofaa ni mashua ya mbao yenye tanga moja, au dau kubwa, pamoja na mashine ya nyuma kwa dharura. Ngalawa ni tamu, lakini ni ya watu watatu na samaki wao. Kikague bila aibu. Inua mbao za chini uone ngama, pale maji yanapojikusanya: maji kidogo ni kawaida, lakini ukikuta kopo la kuchotea maji hayo limelazwa pale na limechakaa, ujue linafanya kazi kutwa. Vuta kamba ya nanga, yaani amari, mkono kwa mkono hadi mwisho, ukitafuta palipolika. Mwambie baharia atweke tanga mkiwa hapohapo ufukweni. Viraka si tatizo. Tanga lililooza hupasuka kwa kidole gumba. Uliza namba ya usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na hesabu jaketi okozi moja moja, usihesabu mfuko. Ziwe sawa na idadi ya watu, mabaharia wakiwemo.

Bei kubalianeni kwa siku, si kwa kituo, na isemwe wazi kama mafuta ya mashine na chakula cha nahodha na vijana wake vimo. Sisi tunawalisha wenyewe. Wanapika vizuri kuliko sisi, kwa hiyo mwenye faida pale anajulikana.

Karatasi na mchango

Sehemu kubwa ya njia hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009 na inayoshuka kusini hadi Kigombe. Kuna kiingilio, na hulipwa kwa kumbukumbu namba, kwa hiyo pita ofisi ya hifadhi siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari watu wakiwa wamesimama na magodoro kichwani. Waeleze mnalala wapi. Silikanti mwenyewe, samaki wa kale aliyeipa hifadhi jina, hutamwona: anakaa kwenye giza la zaidi ya mita mia moja kwenda chini. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wetu walianza kuwanasa kwenye nyavu miaka ya 2003 na 2004. Ni vizuri tu kujua kwamba yupo chini yako unapokula muhogo.

Mchango ukusanywe wote kabla, kwa simu, kwa mtu mmoja asiyeona haya kudai. Ongeza robo juu ya hesabu. Ikibaki, tutaona mwishoni itakwenda wapi.

Mizigo

Ndoo za plastiki za rangi, zile za lita 20 zenye mfuniko, ndiyo masanduku bora ya bahari. Hazipitishi maji, unazikalia, na ikibidi zinaelea. Kila mtu ndoo moja. Asiyeweza kuenea ndani yake amebeba vingi. Ndani: nguo mbili, sweta la usiku, kofia yenye kamba, kanga au kikoi, tochi, dawa zake, chandarua. Viatu vya plastiki vya kuvaa majini ni lazima. Kwenye mchanga wenye taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, usinyanyue mguu, uburuze. Taa akisikia vumbi linakuja huondoka mwenyewe. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa na zaidi, kisha tafuteni hospitali.

Maji ya kunywa: hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, kwenye madumu madogo badala ya moja kubwa, maana dumu moja likipasuka mnakuwa mmepoteza moja. Turubai la kivuli. Mchanganyiko wa chumvi na sukari. Tangawizi kwa wanaolewalewa na mawimbi. Nao wakae katikati ya chombo, watazame upeo wa macho, wasitazame simu. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kutoka. Ikinywewa baadaye huenda kwa samaki.

Choo. Miongozo mingi hupita hapa kimyakimya, halafu dada zetu wanakaa saa nne hawanywi maji. Kwenye mashua weka ndoo yenye kifuniko upande wa tezi, yaani nyuma, na kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba, na tangaza mapema kwamba ikishuka kanga, wote wanatazama omo, yaani mbele. Nchi kavu, beba jembe dogo, chimba mbali na ufuko.

Jiko ni la mkaa, nalo linawekwa ndani ya karai kubwa lililojaa mchanga, hapo nahodha atakapoonyesha. Mchanga unazuia joto lisifike kwenye mbao na cheche zisiruke. Usiwashe tanga likiwa juu.

Chakula

Nunua mjini vitu vinavyokaa: mchele, viazi, vitunguu, nazi nzima, ndimu, pilipili, mikate ya mofa, mihogo. Machungwa ya Muheza chukua gunia dogo. Mtaona ni mengi, hayatakuwa mengi. Samaki nunueni njiani. Beba deli la barafu kwa siku ya kwanza na ya pili, baada ya hapo ni kula mlichopata asubuhi ile.

Samaki mtazame. Pwani hii iliteswa sana na baruti, na samaki wa baruti anajulikana: nyama imelegea, ukimpasua uti umevunjika na damu imejaa tumboni. Mrudishe kwa mwenyewe, usigombane.

Mapishi ya chomboni ni chukuchuku. Kata changu vipande vikubwa na kichwa chake. Sufuriani tia maji kiasi cha kumfunika, chumvi, kitunguu kilichokatwa pande, nyanya mbili, pilipili nzima usiipasue, na kitunguu saumu ukiwa nacho. Maji yakichemka ndipo samaki anaingia, na hapo hesabu dakika kumi tu. Ndimu huja mwisho, sufuria ikishatoka motoni. Ukiitia mapema mchuzi unakuwa mchungu. Kijana wetu wa tanga humwaga mchuzi ule kwenye bakuli la wali, ananywa kwanza, halafu anakula. Nimejaribu kumwiga nikiwa nyumbani haikuwa na ladha ile, na nimeshaacha kujiuliza kwa nini.

Siku ya kwanza: kutoka mjini hadi nyuma ya Yambe

Pakieni alfajiri. Vizito chini katikati, ndoo pembeni, jaketi okozi juu ya kila kitu. Watoto na wasiojua kuogelea wanavaa tangu ufukweni. Mtu mmoja nchi kavu abaki na orodha ya majina, njia na siku ya kurudi, na mkubaliane kwamba asiposikia kitu hadi saa fulani atapiga 112. Jana yake jioni mwe mmesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kabla ya kutoka ghubani, zungukeni Toten, kisiwa kidogo kinachotazamana na mji. Jina ni la Kijerumani, la wafu, na makaburi yamo, pamoja na mabaki ya misikiti ya zamani kuliko Wajerumani. Nusu saa inatosha. Mkishapita Ras Kazone bahari itaanza kupumua kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo utajua nani amekunywa dawa yake. Wapotezee mawazo kwa habari ya Novemba 1914: Waingereza walishusha hapa jeshi kubwa, wengi wao askari wa Kihindi, wakakutana na askari wachache zaidi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki wakaingia vitani bila kualikwa. Walirudi melini.

Kutoka hapo ni kusini hadi ghuba ya Mwambani, kisiwa cha Yambe kikiwa upande wa bahari kuu kama ukuta. Mnafika mchana haujakomaa.

Kutia nanga ni hesabu ndogo ambayo kila abiria aijue. Nahodha hudondosha bildi, jiwe kwenye kamba yenye mafundo, kupima kina. Tuseme maji ni mita nne na yameshajaa. Jedwali linasema yatashuka mita mbili na nusu. Itabaki mita moja na nusu, na mashua yetu inahitaji moja. Basi tutalala tukielea. Kamba ya nanga iachiwe mara tano ya kina cha maji yaliyojaa, na nanga iangukie mchangani, isiangukie matumbawe. Tumbawe unaloliona kubwa kama meza limechukua miaka mingi kuliko umri wako. Kisha chagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mbuyu na paa la nyumba kwa mfano. Zikiachana, mnaburuzwa.

Usiku hatutembezi chombo. Kuna nyavu, kuna madema, na kuna mitumbwi isiyo na taa.

Siku ya pili: Mtangata na Tongoni

Hapa naomba nikae kidogo, ndiyo ghuba ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyotuaibisha.

Mtangata ni pana na ya kina kifupi, mikoko pembeni, mchanga na matope vimechanganyika. Magofu ya Tongoni yako juu yake, kama kilomita 20 kusini mwa Tanga: msikiti na makaburi yapatayo arobaini, mengi ya karne ya 14 na 15, mengine yenye nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa vibakuli vya kaure. Vibakuli havipo, matundu yake yapo. Lipa kiingilio, vua viatu msikitini hata kama hauna paa, na msipande juu ya makaburi kupiga picha. Wapo waliozikwa humo ambao wenyeji bado wanawasomea dua.

Mwaka wetu wa pili tulikuja siku za bamvua yenyewe, maana mimi nilihesabu vibaya. Tulifika jana yake jioni, maji yamejaa, mashua ikaingia karibu kabisa na ufuko, raha tupu. Alfajiri nahodha akasema, "Wanangu, saa moja tuwe tumetoka." Wawili wetu wakasema wanakwenda magofuni mara moja tu, jua la asubuhi lina picha nzuri. Waliporudi ilikuwa saa mbili na robo. Mashua ilikuwa imekaa, na maji yako kule.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, akapendekeza tusukume. Nahodha akamtazama, akasema, "Sukumeni, mimi nalala," akalala kweli. Tukasukuma. Kisha vijana wake wakakata miti mikavu, wakaiweka magadi pande zote mbili ili mashua isilale ubavu, na tukakaa chini ya turubai tukiangalia kina mama wakipita na ndoo kwenda kutafuta pweza kwenye mwamba ulioachwa wazi. Walitucheka kwa adabu. Mmoja alituuliza kama tumepwelewa au tunauza chombo. Tukawapa machungwa, wakatuachia pweza wawili, akapikwa kwa nazi, akaliwa saa sita, tukalala, na saa nane na kitu mashua ikajitikisa yenyewe kama mtu anayeamka.

Baadaye nilisoma habari iliyonifanya nicheke peke yangu. Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, São Rafael, moja ya merikebu za Vasco da Gama, ilipanda fungu pwani hii hii, maji yakapwa ikabaki kavu. Wenyeji wakafika na vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa, na aliyeandika kumbukumbu ya safari ile akakiri kwamba yalikuwa bora kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa, ikaelea. Januari 1499, wakirudi kutoka India, watu wamepukutika kwa maradhi na hawatoshi tena kuendesha merikebu zote, waliichoma moto palepale. Kwa hiyo ukipwelewa Mtangata, umo kwenye orodha ndefu. Wewe tu usiwe na haraka kama wao.

Ikikukuta: tua tanga, wapungue watu chomboni, weka nanga upande wa maji yenye kina ili mjivute nayo maji yakirudi, tia magadi mapema kabla hakijaanza kuinama. Usiwashe mashine kujichomoa. Panga la mashine linakula mchanga, na mchanga unakula mashine.

Siku ya tatu: Kigombe

Ni kijiji cha wavuvi hasa, kwa hiyo mfikie kwa adabu ya wageni. Mtu mzima wenu na nahodha watangulie kwa mwenyekiti na kwa watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, waseme mmetoka wapi na mnataka kulala wapi. Nguo za kuogelea ziishie majini. Ukipanda kijijini funga kanga, na wanaume wavae shati. Ikiwa ni Ijumaa, hakuna safari hadi swala iishe, na hilo haliombewi punguzo.

Nendeni kwenye mnada wa samaki asubuhi. Asiyejua kunadi asifungue mdomo, mtume kijana wa chomboni. Mchana ogeleeni, chezeni bao, laleni. Wanaotaka Maziwe, lile fungu la mchanga mbele ya Ushongo, walipangie safari yake peke yake: liko mbali kidogo na pwani, halina mti hata mmoja wa kivuli, na bamvua kubwa hulimeza lote. Kulichomeka kwenye siku hizi nne ni kurudi kulekule kwenye "tutafika saa ngapi".

Siku ya nne: kurudi

Sasa kusi ni yenu. Subirini upepo ushike, kwenye saa tatu au nne, tweka, na mashua itakwenda bila kelele, mwenye usukani akila chungwa. Upepo wa nyuma una hila yake: unaona kama haupo, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikihama upande ghafla inaweza kumwondoa mtu kichwa. Wote wakae chini, mwenye kutaka kusimama aombe ruhusa. Mkiona wingu jeusi linapanda nyuma yenu na upepo umekatika mara moja, usingoje maelezo: tanga linashuka, jaketi zinavaliwa, na mnaelekea nyuma ya Yambe ambako mnakujua.

Mkifika mjini, shusheni kila kitu, takataka zote zikiwemo, na osheni mashua kwa maji. Mlipe nahodha mbele ya vijana wake, na vijana mpe kila mmoja mkononi mwake. Ile robo iliyobaki kwenye mchango ndiyo ya hapo. Kisha mtu mmoja, kabla hajaingia kwenye bajaji, amuulize mzee mwezi mpevu wa mwakani anaoupenda ni upi. Wetu huhesabu kwa vidole, anataja, na hataji saa.